Gauni la Kitinda

Kitinda, kama jina lenyewe linavyokwambia, ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Nguo zote alizopata kuvaa, za shule mpaka za kazini, zilianzia mwilini mwa dada yake. Kabati limejaa hata mlango haufungiki, na ndani hamna gauni moja alilolichagua mwenyewe. Kila mwaka dada huja na mfuko, naye hushukuru. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemlea, atasemaje?

Mwaka huu, mvi zimeshaanza, akajipeleka kwa fundi cherehani. Akachagua kitambaa cha kahawia, kizito, cha kudumu. Fundi akampima, akashona, akamwita ajaribu.

Kitinda akavaa, akajitazama kwenye kioo, uso ukamshuka. "Fundi, mikono mifupi. Umenipunja kitambaa."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Nimekupunja, au umeikunja?"

Kweli, alikwisha kuikunja kabla hata ya kufunga vifungo, maana mikono ya nguo za dada humpita vidole. Akaishusha. Ikafika kwenye kifundo cha mkono, ikatulia. Wakacheka mpaka fundi akaegemea cherehani.

"Ndani ya mshono nimekuachia nafasi," fundi akasema. "Ukinenepa njoo nilegeze. Hilo utazeeka nalo."

Jumapili dada akaja na mfuko wake. Kitinda akamfungulia mlango amevaa gauni jipya.

Dada akamwangalia juu mpaka chini. "Nani kakupa?"

"Nimeshonesha, dada."

"Kumbe. Zangu siku hizi matambara."

"Si hivyo. Zako nimezivaa kwa shukrani, na nakushukuru bado. Ila nami nilitaka kujua nikoje."

Dada akakaa, mfuko mapajani. Kisha akachomoa gauni la zambarau. "Unajua mimi zambarau siipendi? Nainunua kwa kuwa najua itaishia kwako. Wewe si uliililia zambarau ukagaragara chini?"

"Dada, nilikuwa sijaota hata meno yote."

Dada akaguna, halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Basi tumevishana ujinga miaka yote hii, mdogo wangu."

Kesho yake wakaongozana kwa fundi.

"Mama, wewe unapenda rangi gani?" fundi akamuuliza dada.

Dada akamgeukia Kitinda. Kitinda akatazama barabarani, mdomo kaufumba, akamwacha atafute mwenyewe.