Mahari ya Julmira

...na sauti ni ileile, mvi zimemjaa, tumbo limemtangulia, lakini sauti hiyo siipotezi, ndiyo iliyosema uani kwangu mwaka wa kura ya uhuru, "Mmetaka Timor iwe huru? Haya, huo uhuru leo mtautapika," akamburuta Celestino wangu kwa nywele mpaka kizingitini, panga likashuka, likashuka tena, damu ikanirukia tumboni, na humo tumboni alikuwamo Julmira, huyu anayechekacheka sasa na mchumba wake, nami nimesimama na sinia la tambuu, "Mkwe, mbona unatukodolea macho, popoo hizo ni za maonyesho?" wanacheka, ukoo mzima wa bwana harusi, wamevuka mpaka kutoka Atambua, upande wa Indonesia, na huyu Evaristo, baba mdogo wa kijana, msemaji wao, anacheka kuliko wote, hanikumbuki... au ananikumbuka... kisu cha kukatia popoo ninacho mkononi, koo lake hilo hapo, laini, limenona, pigo moja tu, Mungu wangu, nalisikia likikatika, walituchinja hivyohivyo, na kabla ya kutuchinja wanajeshi wa Indonesia walitupanga foleni tukadungwa sindano za kuzuia uzazi, hakuna aliyetuuliza, tupungue, tuishe, miaka tumbo langu kavu, ndipo akaja huyu mmoja... "Mama," Julmira ananong'ona, "wape basi, unaniaibisha," kiganja chake kiko chini ya kitovu, anadhani sijui, damu ya Celestino na damu ya ukoo wa muuaji wake zimeshachanganyika humo, na nikimchinja huyu, nani atanionyesha walikomtupa? maana walimpakia kwenye lori akiwa bado anakoroma, likashuka naye bondeni, na kaburi ninalolipelekea maua lina shati tu, nimelililia shati miaka yote hii, na anayejua yuko hapa, ananyoosha mkono, "Haya mkwe, tusizunguke, unataka nyati wa kulimia wangapi?" vidole vyake vinagusa jani la tambuu, na nyati siwataki, Evaristo, rudi nao, Julmira hatoki nyumba hii mpaka unifikishe alikolala baba yake, nawe ndiwe utakayechimba, kwa mikono hiyo, mbele ya mtoto wa ndugu yako, utanitolea mfupa mmoja mmoja, na ukisema hukumbuki nitakukumbusha kila pigo, hapa hapa, wasikie wote, nafungua kinywa...