Mguu wa Mbele wa Zabibu

Habari kwamba Mzee Hatamu angeingia uwanja wa kanisa juu ya farasi, mbele ya askofu, ilimfikia Kwato akiwa na misumari mitatu mdomoni, kwa hiyo hakuweza kusema kitu. Ikawa heri. Neno lililomjia halikuwa la kusemwa mbele ya shangazi yake.

"Jumapili ya jubilii," alisema Shangazi, akijikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. "Kwaya tatu, askofu, wageni mpaka wengine wakae kwenye nyasi. Halafu yeye anatokea getini juu ya Zabibu, anashuka, anafundisha somo. Nimeambiwa na mke wa shemasi, na yule hajawahi kunidanganya. Labda mara mbili."

Kwato aliitema misumari kiganjani. "Na nani atamvisha Zabibu viatu vipya?"

"Ndicho kilichonileta. Wewe."

Kwato alikuwa fundi wa kwato. Kazi yake ilikuwa kuvisha farasi viatu vya chuma, na jina la utani alilirithi kwa baba yake pamoja na nyundo, koleo, tupa na mgongo mbovu. Baba yake alikuwa fundi wa zizi kubwa kuliko yote waliyoyajua, na rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa mkufunzi wa wapanda farasi wa zizi hilohilo, mtu wa kucheka sana, ambaye Kwato alikua akimwita baba mdogo. Huyo mkufunzi ndiye aliyekuja kuwa Mzee Hatamu.

Mambo yaliharibika kwa siku moja tu. Mkufunzi alimkimbiza farasi mpendwa wa mwenye zizi juu ya kokoto, kwa kiburi tu, wiki ya mashindano, na farasi akarudi anachechemea. Alipoulizwa, alisema fundi amepiga msumari ndani ya nyama.

Kwato ya farasi ni kama kidole na ukucha. Nje ni ukuta usio na maumivu, ndani ni nyama hai. Msumari hupita kwenye ukuta. Ukipotea ukagusa nyama, siku ya kung'olewa hutoka na unyevu na harufu mbaya. Ndiyo maana mafundi wana desturi yao: farasi akichechemea, misumari hung'olewa mmoja mmoja mbele ya watu, na kila mmoja hunuswa. Mkufunzi aliing'oa yote peke yake, kabla fundi hajaitwa, akaitupa kwenye lundo la samadi. Baba yake Kwato alipofika alikuta kwato tupu na watu wameshakata shauri. Alipiga magoti akachokoa samadi kwa mikono mchana kutwa akitafuta misumari yake, na vijana wa zizi wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Hakupata hata mmoja. Kazi ikamtoka, jina likamtoka, na mwaka wa pili akaaga dunia bila kushika nyundo tena.

Hilo Kwato angeweza, pengine, kulimeza na maji. Kilichomkwama kooni ni kilichofuata. Mkufunzi aliokoka, akawa mzee wa kanisa, akaanza kuwafundisha watu imani kwa mambo ya farasi. Somo lake la kwanza lilihusu hatamu, watu wakalipenda mpaka likawa jina lake. Kina mama walikuwa wakitoka kanisani wanafuta machozi. "Yule mzee ana mafunuo," walisema.

Kwato aliyajua mafunuo hayo neno kwa neno. Ni baba yake aliyekuwa akiyasema, akiwa ameinama chini ya tumbo la farasi, na mkufunzi ameegemea mlango anakula karanga.

"Farasi akikupa mguu mmoja anabakiwa na mitatu," baba alikuwa akisema. "Hawezi kukimbia tena. Kakukabidhi. Na Mungu naye haombi mwili mzima siku ya kwanza. Anasema, nipe mguu mmoja kwanza."

Au hili: "Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa hapa mbele ya paji lake. Hapo anategemea aliyeshika kamba. Basi hapo ndipo imani inapokaa, pale usipopaona."

Sasa maneno hayo yalikuwa yanapigiwa makofi, na Jumapili yangesikiwa na askofu.

"Nitakwenda," Kwato alimwambia shangazi yake. "Alhamisi."

"Mbona Alhamisi? Zabibu wanamtaka hata kesho."

"Alhamisi, shangazi."

Alikuwa na sababu. Kuna msumari ambao mafundi wanauita msumari wa jirani. Hauingii kwenye nyama, unapita ubavuni mwake tu, kama jirani anayesikiliza ukutani. Farasi anaondoka akitembea vizuri, fundi anasifiwa. Lakini kila hatua ukuta unaminya nyama, kwato inaanza kuchemka, na siku ya tatu mnyama hawezi kukanyaga. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kwato alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akalala usingizi mzuri kuliko wa miezi mingi. Hakumwomba Mungu ruhusa. Alimwarifu tu.

Alhamisi asubuhi alimkuta Mzee Hatamu bandani, ameshika kamba ya Zabibu. Zabibu alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia iliyoiva, mpole kiasi kwamba kuku walilala mgongoni mwake.

"Karibu, binti yangu. Umekonda."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku hizi mimi ni mzee tu? Zamani nilikuwa baba mdogo."

"Zamani tulikuwa wengi," alisema Kwato, akafunga aproni yake ya ngozi.

Alisimama begani mwa Zabibu, akateremsha mkono kwenye mguu wa mbele wa kushoto, akaminya juu kidogo ya kifundo kama alivyofanya kwa mamia ya farasi. Zabibu hakuinua mguu. Kwato akaminya tena. Zabibu akaukandamiza chini kama mti. Mara ya tatu akasogea kando, akainua kichwa, masikio yakalala nyuma.

Kwato alijulikana kwa jambo moja: hakuna farasi aliyewahi kumnyima mguu. Hata lile dume la kijivu lililomvunja meno msaidizi wa daktari wa mifugo lilimpa mguu kama mtoto anayekatwa kucha.

"Ameamka vibaya," alisema Kwato.

"Aliamka akicheza." Mzee Hatamu hakuwa tena na kicheko. Alimtazama farasi, kisha akamtazama Kwato, mikono yake, shingo yake. Alikuwa na madhambi yake, lakini farasi aliwajua. "Umekuja na nini, binti yangu?"

"Na vifaa. Si unaviona?"

"Wanasikia pumzi ya mtu kabla hajawagusa. Mtu akija na neno baya kifuani, farasi analijua kabla ya..."

"Malizia."

"Basi tu."

"Malizia, mzee. Kabla ya mwenyewe kujua. Hilo ni somo la ngapi? Umeshalifundisha, au umeliweka kwa ajili ya askofu?"

Mzee Hatamu aliitazama kamba.

"Ni la baba yako," alisema.

"Mafunzo yote ni ya baba yangu. Hata pale unaponyamaza kidogo ili watu wapumue, umepatoa kwake. Umemvua mpaka shati." Sauti yake haikupanda. Aliitoa misumari mfukoni akaionyesha. "Unauliza nimekuja na nini. Nimekuja na msumari wa jirani. Mguu huu wa kushoto. Jumapili ungekuwa juu yake, kwaya zinaimba, askofu amekaa, naye anaanza kuchechemea hapo getini. Ningekaa mstari wa mbele. Shangazi ameshaniwekea kiti."

Zabibu alipumua kwa pua. Mzee Hatamu akakaa juu ya robota la nyasi kavu, taratibu.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu huyu amekataa." Kwato alimwonyesha Zabibu kwa kidevu. "Sasa na mimi nikuulize. Ile misumari uliyoitupa kwenye samadi. Uliinusa?"

Kuku wawili waliingia bandani, wakakagua, wakatoka.

"Niliinusa."

"Ikoje?"

"Mikavu," alisema Mzee Hatamu. "Yote minane. Mikavu na misafi."

Kwato alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku ya samadi. Alidhani likija litamshusha mzigo. Halikumshusha kitu. Lilimpa tu mahali pa kusimama. Aliegemea bega la Zabibu, akalia kidogo kwa hasira, kamasi na yote, akajifuta kwa aproni. Na alipoteremsha mkono tena, bila kutegemea, Zabibu aliinua mguu, akauweka mapajani mwake, mzito na wa moto.

Mguu ulikuwa umeshakabidhiwa, na Zabibu hakuwa amemkosea mtu. Kwato alikata, akasawazisha kwa tupa, akapiga misumari minane kwenye ukuta, mbali na nyama, kazi safi ambayo baba yake angeipapasa na kuguna kidogo. Akafanya miguu mingine mitatu. Kisha akanyoosha mgongo.

"Jumapili utasema," alimwambia. "Masomo ni ya nani, na misumari ilikuwaje. Vyote viwili, mbele ya askofu. Ukisema nusu, nusu iliyobaki naimalizia mimi, na unajua sauti yangu."

*

Alisema. Shangazi alikiri baadaye kwamba hata yeye hakutegemea. Mzee Hatamu aliingia juu ya Zabibu anayetembea kama bibi harusi, akashuka, akashika kipaza sauti, akasema yote. Jina la fundi alilitaja mara tatu. Alisimulia jinsi alivyosimama nyuma ya dirisha akimtazama rafiki yake anachokoa samadi, na hakutoka.

Kwa pumzi moja uwanja ulikuwa kimya, na Kwato akauonja ukimya ule kama mtu anayeonja mchuzi.

Halafu mtu akasema, "Bwana asifiwe." Mwingine akajibu. Kwaya ya kina mama ikaanza wimbo wa toba bila kuambiwa. Watu wakasimama, wakalia, wakampigia makofi Mzee Hatamu kuliko siku zote. Askofu akamkumbatia. Mke wa shemasi alisema hajawahi kuona mtu mnyenyekevu namna ile.

"Hebu tazama," alisema Shangazi kwa mdomo uliopinda. "Amekuwa mtakatifu papo hapo. Kesho watamchora kwenye kioo cha dirisha la kanisa."

Kwato alihisi masikio yakimwaka moto. Alikuwa amemnyang'anya mtu yule mafunzo na jina, na kanisa lilikuwa linamrudishia vyote kwa nyongeza. Na sasa Mzee Hatamu alikuwa anakuja, watu wakimpisha njia, macho mekundu, mkono umenyooshwa.

"Binti yangu. Nisamehe."

Askofu alikuwa anatabasamu. Kwaya ikashusha sauti, ikisubiri zamu yake. Kila mtu alijua kinachofuata, na wengine walishatoa simu wapige picha.

Kwato aliutazama mkono ule. Kusamehe alikujua. Alifundishwa akiwa mdogo, kwa sala ile ile ambayo kila mmoja pale aliijua kwa moyo, na hakuwa na ubishi nayo. Ila baba yake alimfundisha na jambo jingine.

"Mzee," alisema, na wa nyuma wakainua shingo wasikie. "Farasi aliyepigwa na bwana wake. Unamrudishaje?"

Mzee Hatamu alipepesa macho. "Unakwenda alipo. Unasimama uani."

"Mkono?"

"Hunyooshi. Ukinyoosha anaona fimbo."

"Siku ngapi?"

Aliutazama mkono wake. "Mpaka aje mwenyewe."

"Basi shusha mkono."

Akaushusha. Hakuna aliyepiga makofi. Kiongozi wa kwaya alifungua mdomo, akaufunga. Kwato alimchukua shangazi yake kwa kiwiko, wakaenda kula na wageni wengine, na alikula sahani mbili.

Jumatatu asubuhi Mzee Hatamu alikuwa amesimama uani kwa Kwato, karibu na tangi la maji, mikono imening'inia. Saa sita akaondoka. Jumanne akarudi. Majirani walipata kazi ya kufanya. Kila mwenye ndoo aligundua kwamba maji ya kwa Kwato ni matamu kuliko yake. Wiki ya pili Shangazi alianza kulainika.

"Angalau tumpe kiti. Ni mtu mzima."

"Usimpe."

"Mvua inakuja."

"Naiona."

Siku ya kumi na tisa mvua ilinyesha kweli, kubwa, ya kupiga mabati. Kwato alikaa mlangoni akichonga mpini wa nyundo, na kila alipoinua macho alimwona pale, amelowa, kofia imelegea masikioni, hajanyoosha mkono. Alijua siku moja miguu yake yeye mwenyewe ingeinuka na kuvuka uwanja ule. Alijua vilevile nani angeiinua, na hakupenda kuharakishwa.

"Najua unataka mguu mmoja kwanza," alisema kimoyomoyo, na hakuwa anasema na mzee. "Si leo."

Akasogeza kiti karibu na mlango, aone vizuri, akaendelea kuchonga.