Mbwa wa Shamba la Lootens

Siku ya kwanza Omer alipopanda ile baiskeli isiyokwenda popote, aliisukuma nusu mbele, nusu nyuma, kama mtu anayetikisa mlango uliofungwa. Kisha akashuka.

"Zulma, kitu hiki hakifiki."

"Hakitakiwi kufika. Goti lako ndilo linatakiwa kukunjika."

"Miaka thelathini na minane nimeendesha baiskeli, na kila siku nilifika."

Hapo hakusema uongo. Mume wangu alikuwa mpeleka barua wa kijiji chetu na mashamba yote mpaka mtoni, mvua inyeshe, upepo uvume. Magoti aliyatumia yakaisha. Mwezi wa pili wakamwekea moja la chuma, na daktari akaniambia mlangoni, miwani mkononi: wiki ya nane goti lisipokunjika nyuzi mia, tutamlaza tena, tumpe nusukaputi, tulikunje kwa nguvu. Alilisema kama mtu anayesema atatia mafuta bawaba.

Yeye hakuwepo nilipokuwepo mimi. Baada ya nusukaputi ya kwanza Omer alikaa siku mbili hanijui. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, akanigombeza kwa nini sijawafungia kuku. Wauguzi wakasema kwa wazee hutokea, hupita. Nikauliza, na mara ya pili? Mara ya pili, wakasema, huenda ikachelewa kupita. Nilirudi nyumbani kwa basi, nimepakata viatu vyake.

Basi ilikuwa lazima akanyage. Liesbet, binti anayekuja kumnyoosha mguu, alitusimulia habari za baiskeli zenye kioo mbele, unakanyaga huku unaona milima inapita. Omer akauliza bei. Alipoambiwa akasema, "Kwa bei hiyo si bora ninunue mlima wenyewe?" Yetu tuliipata kwenye duka la vitu vikuukuu nyuma ya kanisa, kiti kimepasuka. Nikakivalisha blanketi la zamani, nikaiweka baiskeli gerejini, maana sebuleni kulikuwa na kitanda chake. Ngazi hakuziweza, na mimi nililala kwenye kochi pembeni.

Nilijaribu yote ambayo mtu hujaribu akiwa hana kitu. Nikamwekea feni apate upepo kama wa barabarani, akapata mafua. Nikamwekea redio, akaisikiliza, miguu ikasahau. Ikafika Jumapili ya mashindano makubwa ya baiskeli, nikaiburuta televisheni mpaka gerejini, nikidhani sasa mwanamume atapata moto. Saa tano nzima aliwatukana wale vijana kwa jinsi wanavyopanda vilima vyenye mawe, na hakukanyaga hata mara moja.

"Huyo wa manjano mvivu," aliniambia, mikono kifuani.

"Namwona mvivu," nikasema. "Nimekaa karibu naye."

Zilibaki wiki tatu. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye kreti pale gerejini namenya viazi, usingizi umenielemea. Ili nisijikate kidole nikasema lolote lililokuja.

"Haya, sasa uko kwa mwokaji mikate."

"Siko kwa mwokaji. Kabla ya mwokaji kuna nyumba ya Palmyre."

"Basi uko kwa Palmyre."

Na miguu ikasogea. Nikaita nyumba ya pili, ikasogea tena. Tukaenda hivyo kijiji kizima, mimi natamka milango, yeye ananisahihisha, na alipoteremka alikuwa amekaa dakika arobaini. Nilifurahi nikaviunguza viazi.

Lakini Liesbet alipokuja na kipimio chake akakuta nyuzi themanini na sita. Wiki nyingine, themanini na saba. Ikabidi akae kwenye kreti langu atazame mwenyewe.

"Mama Zulma," akasema kwa upole, "huyu anasimama."

Nami nilikuwa sijaona! Kila nikitaja nyumba, Omer alikuwa anasimamisha miguu, anainama kidogo upande wa kulia, anangoja, ndipo anaondoka. Anatia barua.

"Usisimame bwana!"

"Na barua je? Nizirushe dirishani?"

"Hakuna barua, Omer."

"Hakuna barabara pia, na bado unanituma."

Ijumaa ikawa mbaya zaidi, akasema ni siku ya pensheni. Zamani alikuwa akiwapelekea wazee fedha zao mkononi, na kila mzee alimmiminia kiglasi cha pombe kali, hata akifika nyumba ya mwisho baiskeli ndiyo inamwongoza yeye. Sasa alikaa juu ya kiti kilichopasuka, ametoa mkono.

"Niko kwa mjane Dhondt. Huyu alikuwa anatoa viwili."

"Kunywa mate yako uendelee."

Alicheka. Mimi sikucheka. Usiku naamka mara mbili kumsaidia, mchana nasukuma na kubembeleza, na miadi ya hospitali imebakiza siku kumi tu. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kusahau kama nimetia chumvi kwenye supu, naonja, nasahau tena. Na kila nikimwangalia nilikuwa najiuliza, akilazwa tena, ni nani atakayerudi.

Alhamisi nilivuta kreti mbele yake, bila kisu wala viazi.

"Leo tunaanzia darajani."

"Kutoka darajani hadi kwa Lootens hakuna hata sanduku moja la barua. Ni mashamba matupu."

"Najua. Lakini kwa Lootens kuna nini?"

Akaupapasa mguu wake. Alama anayo hadi leo kwenye mguu, meno manne. Mbwa wa Lootens alikuwa mweusi, mkubwa kama ndama, hafungwi, na hakupenda watu wa posta. Kipande kile Omer hakuwahi kukipita polepole, hata katika barafu.

"Yule mbwa amekufa, Zulma. Miaka ishirini sasa."

Nikabweka.

"Huyo ni mbwa au mbuzi?" akauliza.

Nikabweka tena. Mara hii nilibweka kweli. Nilitoa kochi lote, na supu isiyo na chumvi, na jina la wifi yangu nililoitwa siku mbili, vikatoka vyote kwa pamoja mpaka madebe ya rangi yakatetemeka rafuni. Nikamsogelea mguuni huku nabweka. Omer akashtuka, akainama mbele, akakanyaga. Goti likapanda, likagoma pale pale linapogoma siku zote. Nikamshika shavu la mguu kwa vidole vinne.

"Lootens!" akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Lootens, mfunge mbwa wako!"

Pedali ikapita juu, ikateremka upande wa pili. Ikazunguka. Ikazunguka tena.

Nilipogeuka, jirani yetu Palmyre alikuwa amesimama mlangoni pa gereji na mkate wa zabibu.

"Mmenunua mbwa?"

"Hapana. Ni mimi."

"Ahaa," akasema, akauweka mkate juu ya kreti. "Basi kesho nitakupokea zamu. Sauti yako imekwisha."

Akaja kweli, Ijumaa na Jumamosi, na aproni yake. Ila Palmyre hubweka kwa sauti nyembamba. Omer akamwambia, "Huyo ni mbwa wa padri, dada yangu. Nilikuwa nampa biskuti." Ikabidi niinuke mwenyewe.

Jumatatu daktari akampima. Akapima mara ya pili, akavaa miwani.

"Mia na mbili. Hakuna haja ya kumlaza. Mlifanyaje?"

"Mke wangu alibweka," Omer akasema.

Daktari akanitazama kama anayefikiri yupi hasa kati yetu alazwe. Nilitaka kumweleza, sauti haikutoka. Nikachukua kofia ya Omer, tukaondoka.

Nyumbani alinikalisha jikoni, akanitengenezea kahawa, kitu ambacho hajafanya tangu tuoane. Ilikuwa chungu na ina mashapo. Kisha akachukua fimbo yake akaenda gerejini.

"Zulma! Uje ubweke!"

Nikatikisa kichwa, ingawa hakuwa akiniona. Akangoja. Halafu nikasikia gurudumu linaanza lenyewe, taratibu. Likasimama: kwa Palmyre. Likaenda, likasimama: kwa mwokaji. Njia hiyo sasa naijua hata nikiwa nimefumba macho, na nilikuwa nimeyafumba, kichwa juu ya meza, kahawa inapoa karibu na sikio langu.

Alipofika darajani gurudumu likashika kasi. Likavuma, likavuma, likapita kwa Lootens bila mtu kumkimbiza.

Halafu kimya. Amefika kwa mjane Dhondt. Nikamwacha anywe vyote viwili.