Cherehani Kilichoachika

Rukaiya aliachika mara mbili, na mara zote mbili alirudi kwao Tabata kichwa juu, kama mtu aliyetoka dukani kununua chumvi. Mtaa ulimsubiri alie, hakulia. Basi mtaa ukaona umpe jina, wakamwita Mtumba. Usoni hawakuthubutu, kwa kuwa ulimi wa Rukaiya ulijulikana. Walimwita nyuma ya mlango, na jina la nyuma ya mlango lina miguu, halikawii kumfikia mwenyewe. Lilimfika. Akapanga chumba chenye kibaraza akaanza kushona makubadhi na mikoba ya ngozi.

Alishona kwa mkono. Alitoboa kwa msharasi, akapitisha uzi kwa shazia, akavuta, mpaka vidole vikaanza kumgomea. Asubuhi alishindwa hata kukunja ngumi. Wateja hawakukosekana, wengine walitoka Kawe na Boko, lakini mkoba mmoja ulimlia kutwa nzima. Ama apate cherehani cha ngozi, ama kazi ife arudi kuishi kwa kaka yake. Na kuishi kwa kaka yake, kwa hesabu ya Rukaiya, ilikuwa talaka ya tatu.

Kaka mtu aliitwa Twaha, muuza vitambaa Kariakoo, mkarimu wa wale wanaotaka ukarimu wao uonekane kutoka barabarani. Aliposikia habari ya cherehani akasema atanunua yeye, tena kipya, cha kwenye boksi. Ila kitakaa barazani kwake, kwa ajili ya usalama, na mikoba itauzwa kwa jina la duka lake, kwa ajili ya soko. Rukaiya atakuja asubuhi, atashona, jioni atarudi. Aliyapanga hayo yote huku anakula, kama anayegawa minofu ya samaki. Mkewe Munira alikuwa akimwongezea mchuzi.

Rukaiya alisema atafikiri. Wala hakufikiri. Kesho yake alikwenda zake Temeke kwa mjane aitwaye Tekla, mtu wa Songea, ambaye marehemu mumewe Romani alikuwa fundi viatu. Cherehani cha marehemu kilikuwa kinauzwa. Kilikuwa cha Kijapani, rangi imebanduka, meza imechakaa pembeni pale Romani alipozoea kuegemeza kiwiko. Tekla alisema ukweli bila kuulizwa: kinavuja mafuta, kinataka mkanda mpya, na kikiwashwa kinanguruma kama baba mkwe.

Rukaiya akatoa vipande vya ngozi ya soli alivyokuja navyo. Akapanga viwili, akaongeza cha tatu. Cherehani kikapita. Mguu wa cherehani, ule unaokandamiza mshono, ulikuwa unatembea pamoja na ngozi, unanyanyuka, unakanyaga, unasogea, na vipande vyote vitatu vikaenda sawa bila kusukumwa. Rukaiya akacheka peke yake. Akauliza bei. Akiba yake ilitosha, na hilo lilimpendeza kuliko mshono wenyewe, maana hakuna ambaye angekuja kusema ni chake.

Kosa alilofanya ni la heshima. Alimpigia Twaha kumwomba kirikuu, kile kigari chake cha kubebea mizigo. Twaha hakutuma dereva, alikuja mwenyewe. Akasimama mlangoni kwa Tekla, akakitazama cherehani kama mtu aliyeona mawe kwenye mchele.

“Rukaiya, watu wanakusema vya kutosha,” akasema. “Mwanamke umeachika, unakuja kununua na cherehani kilichoachika?”

Tekla akainamisha uso. Rukaiya akakusanya vipande vyake vya ngozi. Mtaa mzima ulilisema neno lile pembeni, na wa kulisema mbele ya mgeni akawa mtoto wa mama yake. Liliuma, na asingejidai kwamba halikuuma.

“Hiki hakikuachika, kaka. Kimefiwa,” akasema. “Mwombe radhi mwenye nyumba. Mie ndiye niliyeachika, tena mara mbili, na vidole vyangu havijui hilo.”

Twaha alimwomba Tekla radhi, uungwana huo alikuwa nao. Kisha akapanda kirikuu chake akaondoka nacho kitupu. Rukaiya akatafuta guta la magurudumu matatu, akapakia cherehani na meza yake, akakaa juu ya mzigo yeye mwenyewe, mkono mmoja kwenye ushungi, mwingine kwenye gurudumu la cherehani. Hivyo ndivyo alivyoingia Tabata jua likiwa bado kali. Wanawake waliokuwa wakisuka nje wakaacha kusuka. Rukaiya aliwasalimia mmoja mmoja, kwa majina.

Ungedhani yameisha. Twaha alikuwa na subira ya mfanyabiashara. Ijumaa baada ya swala alifika kwa Rukaiya na kirikuu, wajomba wawili, Munira kiti cha mbele, na nyuma cherehani kipya kinang'aa, kimefungwa utepe mwekundu. Alijua alifanyalo. Zawadi iliyoletwa mbele ya wakubwa hairudishwi, na majirani walishaanza kupiga vigelegele kabla hawajajua ni ya nini.

Rukaiya aliwaamkia wajomba, akawapa viti, ndipo akauliza kama kile ni cha ngozi.

Twaha akasema ni hevi duti, yaani cha kazi nzito, muuzaji kamhakikishia, na yeye hakumwamini mtu kwa maneno matupu. Alikinyanyua mwenyewe pale dukani, nusura kimvunje kiuno. Kama huo si uzito, uzito ni upi?

Rukaiya hakubishana. Alikiunganisha na umeme hapo hapo kibarazani akakipa ngozi ya soli. Sindano ikakatika. Twaha akasema ni sindano mbovu, ikawekwa nyingine, nayo ikakatika. Kilikuwa cherehani cha majinzi, kizuri kwa majinzi. “Kipya kinyemi, kingawa kidonda,” akasema mjomba mmoja, na watu wakacheka, na kicheko kile kikamtia Twaha ukaidi. Akasema basi Rukaiya atakishonea ngozi laini, lakini kile cha Temeke kirudishwe, na kesho asubuhi aanze kazi barazani kwake yeye Twaha. Hakuwa akiomba.

Wajomba wakamtazama Rukaiya. Akachomoa waya wa umeme, akasimama mbele ya kaka yake.

“Kaka, ulinipokea mara mbili, sijasahau,” akasema. “Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Nina changu, kiko ndani, na mimi nipo hapa nilipo. Hicho chukua, Mungu akuzidishie.”

Twaha akauliza, kwa sauti iliyopungua, sasa kitatumiwa na nani, maana dukani hawakipokei tena.

“Na mie,” akasema Munira.

Alikuwa ameshashuka kwenye gari bila mtu kumwona. Akasema, macho kwa mumewe, kwamba kwao Lindi alikuwa akishona sare za shule kabla hajaolewa, na miaka yote ile barazani kwake hakuna aliyemuuliza anajua nini. Cherehani anakitaka. Kitakaa hapa, kwa wifi yake, na kitashona kwa jina lake Munira.

Mjomba wa pili akakohoa, akaona heri anywe chai. Twaha alisimama katikati ya mlango wa dada yake, utepe mwekundu mkononi. Rukaiya akashika cherehani upande mmoja, Munira akashika wa pili, wakakinyanyua.

“Tupishe, kaka,” akasema Rukaiya.

Twaha akapisha.