Kila Neno la Bi Kesho Lina Mwenyewe

Tangu mume wangu azikwe sijalia, na watu wameshanichoka. Mwanzo walisema ni mshtuko, kisha wakasema nina moyo wa jiwe. Sasa mama mkwe anasema mwanamke asiyemlilia mumewe hawezi kumlea mtoto wa huyo mume, na jioni atakuja kumchukua binti yangu akaishi naye. Aliniuliza jana kwa simu, tena kwa upole. Nikamwambia njoo. Sikuona sababu ya kumkatalia, kama ambavyo siku hizi sioni sababu ya kuchana nywele.

Asubuhi nikaenda kazini. Chumba chetu cha ushonaji kina vyerehani vilivyobanana ukutani, meza ya kukatia yenye makovu ya mkasi, na fundi mkuu mmoja, mwanamke mnene mwenye miwani puani na nyingine kichwani, ambaye kila siku anaitafuta mojawapo. Wateja wanamwita Bi Kesho kwa sababu hajawahi kukata kitambaa siku kilipoletwa. Uje na harusi keshokutwa, ubembeleze, upige magoti, atakipokea, atakikunja, atakilaza rafuni, kisha atakwambia njoo kesho. Wengi huondoka wamenuna. Wengi hurudi pia, maana katika kungoja wamegundua hawakutaka gauni la mikono mirefu, au hawakumtaka bwana harusi.

Watu humletea hata shida zao za nyumbani. Naye huwajibu, lakini kila neno hulitajia mwenyewe, kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani.

"Mshono mbaya haufichwi kwa pasi. Hilo la mzee aliyenifundisha kazi," husema. "Alikuwa akifumua kazi yangu mbele ya wateja. Siku niliposhona vizuri hakusema kitu, alinipisha tu kwenye kiti chake."

Au: "Usibishane na mwenye njaa, mlishe kwanza. Hilo la mama mkubwa, aliyenilea. Alikuwa na mdomo mchafu na sufuria kubwa."

Zamani hayo yalikuwa yananichekesha. Leo nilipomweleza habari ya mama mkwe, alikuwa anatia uzi kwenye sindano, nami nikajua litafuata neno la mzee au la mama mkubwa.

"Kwa hiyo umemkubalia," alisema.

"Nimemwambia aje."

"Na mwenyewe unataka nini?"

"Sitaki kitu, Bi. Shida ndiyo hiyo. Hata nikiungua na pasi naangalia tu."

Aliiweka sindano mezani. "Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Baba alipofariki, alikaa kama gunia. Dada yake akaja akamwambia, nipe huyu mtoto nikusaidie. Akasema chukua. Siku ile ile, hata hakutazama nguo zangu zikifungwa. Ganzi ilipomtoka alinifuata, analia njia nzima. Mimi nilikuwa nimeshamzoea mama mkubwa. Nikajificha nyuma yake, nikauliza huyu mgeni ataondoka lini."

"Akafanyaje?"

"Akaondoka. Mama yangu alikuwa na adabu." Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mama mkubwa alinilea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini siwezi kuona mtu anakata kitu siku hiyo hiyo kilipomfika mkononi. Wateja wanadhani ni hekima. Mwenzio naogopa."

Nilimsikiliza kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili. Nilielewa kwamba ni habari ya kusikitisha, lakini nilielewa kwa kichwa tu.

"Sasa nikamwambie nini mama mkwe? Kwamba nampenda mwanangu? Huo upendo wenyewe siusikii."

"Usimwambie usichokisikia. Mtoto anataka kuogeshwa, kulishwa, na kuulizwa shule ilikuwaje. Hayo unayaweza hata ukiwa gogo. Mengine yatakuja yakukute hapo hapo ulipo. Wewe usihame tu."

"Hilo la nani?"

"Halina mwenyewe," alisema. "Mama yangu hakupata wa kumwambia."

Jioni mama mkwe alifika na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Binti yangu alikuwa chumbani, anaandika kazi ya shule huku akiisoma kwa sauti kama kawaida yake. Nilimkaribisha mgeni, nikampa maji. Alikunywa, akauliza vitu vya mtoto viko wapi.

"Mama, mtoto hatoki," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayemwelekeza mpita njia.

"Jana ulikubali."

"Jana nilikubali. Leo nimekataa."

"Humpendi, mwanangu. Na mume wako hukumpenda. Hujatoa hata chozi."

"Labda, mama. Lakini hatoki."

Nilingoja anitukane, na niliona ana haki. Badala yake, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu akajishusha mpaka sakafuni, begi mapajani, akaanza kulia taratibu. Alisema nyumba yake imenyamaza mno. Alisema bado anapika chakula cha watu wengi halafu anamwaga. Mtoto anacheka kama baba yake, akasema, na yeye alitaka tu kukisikia hicho kicheko upande wa pili wa ukuta anapolala.

Sikulia naye. Nilijaribu, machozi yakagoma. Nilimshika mkono nikamwinua, nikamkalisha kwenye kiti, nikamwambia kitanda cha mtoto kinawatosha watu wawili wasionyang'anyana shuka.

Alinitazama kama anayetafuta kejeli usoni pangu.

"Mimi nakoroma," alisema.

"Najua, mama. Mwanao naye alikuwa anakoroma. Nilikuwa namgeuza ubavu kila usiku."

Nilipolisema hilo kitu kilinichoma kooni, kidogo tu, kwa mara ya kwanza. Nikakiacha kiendelee kuuma.