Vipande Vilivyoharibika

Kila asubuhi kompyuta ilimpokea Amos Kalinga kwa ujumbe ule ule: bakapu imeshindikana, diski imejaa. Na kila asubuhi aliufunga, kama mtu anavyomwitikia mgeni msumbufu huku akisukuma mlango. Alikuwa na mengine ya kumshughulisha. Kabla ya kufungua studio yake ya picha na video pale Kilolo alikuwa ameshakoka moto, amepika uji, amemwogesha mkewe na kumfunga vifungo vya sweta. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha.

Kompyuta ilipoanza kugonga ndani kwa ndani ndipo alipompigia Naima, fundi wa Iringa mjini. Naima alifika na umande kwenye mtandio, akaitikia "kamwene", salamu ya Kihehe ya Kalinga, kwa lafudhi ya pwani, akainamisha sikio juu ya mashine.

"Diski ya ndani inakufa, mzee," alisema. "Harusi za watu zote zimo humu, na tangu Pasaka hazina nakala, kwa sababu diski ya akiba imejaa."

"Tuongeze nyingine."

"Ya ukubwa huu mpaka iagizwe Dar. Hii haisubiri. Lazima tufute kitu leo hii."

Naima alifungua diski ya akiba. Zaidi ya nusu ilikuwa imeliwa na kwaya ya usharika, iliyorekodi video yake miaka iliyopita katikati ya mashamba ya chai, maana kwaya gani ya nyanda hizi haijawahi kusimama kwenye chai? Palikuwa na makabrasha mawili: vipande vizuri, na vipande vilivyoharibika.

"Vilivyoharibika vya nini tena? Video si ilishatoka?"

"Hivyo usiguse, fundi."

"Basi nifute harusi ya nani?"

Kalinga aliwapitia maharusi kichwani, mmoja mmoja. Yupo bibi harusi wa Idodi ambaye bado hajachukua yake, angemwambia nini? Alitazama mlangoni, alikokuwa mkewe, Lea, Mama Joyness kama wote walivyomwita, akimenya maharage kwa mkono mmoja, ganda akilibana kwa magoti. Lea ndiye aliyeiongoza kwaya ile. Kisha kiharusi kikauchukua mkono wake wa kulia na maneno yake yote, kikamwachia moja tu, "ee", na hilo likabebeshwa kazi ya yote yaliyoondoka.

"Kwenye vile vizuri anaimba tu," Kalinga alinong'ona. "Humu anaongea."

Alikuwa akivisikiliza peke yake, spika ndogo zikiwa masikioni. Kumsikilizisha Lea sauti yake mwenyewe aliona ni sawa na kumpakulia chakula mtu aliyefungwa kinywa. Huruma hiyo ilikuwa imemchosha kuliko kufua.

Naima aliguna. Yeye pia alikuwa amechoka, na barabara ya milimani haina huruma. Alibofya kipande kimoja ili apime uzito wake, bila kuangalia kama sauti imefunguliwa. Upepo wa chai ukavuma studio nzima. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamke, kubwa na yenye enzi:

"Hapana, hapana. Alto mmelala. Tunaanza upya. Na wewe Amos, zima hiyo kamera uniletee maji, koo limekauka."

"Ngoja kwanza, Mama Joyness," sauti ya Kalinga ikajibu kutoka nyuma ya kamera. "Tumalize ubeti huu."

Mwanamke akacheka, na kwaya nzima ikacheka naye.

Mlangoni maharage yalikuwa yamenyamaza. Kalinga aliruka kuzima.

"Ee," alisema Lea.

Kalinga alizijua "ee" zake zote: ya njaa, ya baridi, ya kukataa. Hii hakuijua. Lea alisimama kwa kushika mwimo, akaja akiburuta mguu, akakalia kigoda cha wanaopiga picha za pasipoti. Akainua mkono wa kushoto kuelekea kioo cha kompyuta. Alitaka tena.

Wakakirudia. Lea alilia, na alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki kuwa wake. Kalinga aliona aibu iliyomwenea mwili mzima. Muda wote huu alidhani anamkinga, kumbe alikuwa amemfungia mwenye nyumba nje.

Naima alisubiri kadiri adabu ilivyoruhusu.

"Mzee, nafasi bado ni ile ile."

"Futa vile vizuri."

"Vizuri?"

"Video nzuri iko sebuleni kwa kila mtu, kutoka hapa mpaka Nyololo. Tukiihitaji tutaomba kwa jirani. Hivi vibovu havina jirani."

Kompyuta iliuliza kama ana hakika. Kalinga alibofya mwenyewe. Mstari wa bakapu ukaanza kutambaa, harusi moja baada ya nyingine, na Naima akaketi chini, akaegemea ukuta na kufumba macho.

Lea aliinua mkono tena. Kwenye kioo akawakemea alto tena, akaomba maji tena.

"Ngoja kwanza, Mama Joyness," ikasema ile sauti ya zamani.

Kalinga aliondoka kwenye kiti. Akaenda uani, akamimina kikombeni maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai, akayajaribu kwa ulimi, akarudi nayo.

Lea aliacha kutazama kioo. Alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa taratibu mpaka kikaisha, akamrudishia.

"Ee," alisema.