Mstari wa Sita

Koplo Wanyera, askari wa gereza pale Jinja, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na milango ya pili. Miaka ishirini na miwili ya kufunga na kufungua ilimfundisha kwamba jengo lenye heshima lina mlango mmoja, na anayetafuta wa pili ana lake jambo. Hata nyumba aliyopanga mtaa wa Walukuba aliupigilia misumari mlango wa uani, ikawa mkewe Gorreti akitaka kumwaga maji ya vyombo anazunguka nyumba nzima na beseni mikononi, huku akimlaani kwa Kisoga ambacho mume alijifanya hakijui.

Basi usishangae kwamba Jumamosi moja ya mwaka tisini na sita, binti yao Norah alipokuja na karatasi ya kuombea chuo, baba alisoma mistari mitatu ya kwanza akitabasamu, wa nne akakunja uso, na alipofika wa sita akasimama kabisa.

Norah alikuwa kidato cha sita katika shule moja ya Mbale, akikaa mtaa wa Namakwekwe kwa shangazi yake Mariat. Alitaka kusomea uhandisi wa umeme. Tangu mdogo alikuwa akienda kusimama juu ya bwawa la umeme, na walipoanza kuchimba mfereji mpya wa mitambo alikuwa akirudi na viatu vyekundu kwa udongo, akiulizwa hasemi ila idadi ya mashine. Walukuba nzima ilijua kwamba binti ya Wanyera atakuwa injinia. Ilijua kwa sababu baba aliitangazia, iwe imemuuliza au haikumuuliza.

Mistari ile sita alikuwa ameipanga na mwalimu wake wa fizikia, Bwana Gidudu. Mwalimu aliwafundisha hivi: miwili ya juu andika unachokitamani hata kama kinakutisha, miwili ya kati, kile ambacho alama zako za kila siku zinaweza kukifikia, miwili ya chini, mahali ambapo hawatakufukuza hata mtihani ukikugeuka. Kwa hiyo Norah alianza na umeme, akafuatia na ujenzi wa barabara na madaraja, upimaji wa ardhi, ualimu wa fizikia, kisha stashahada mbili za ufundi. Ya mwisho ilikuwa ya chuo cha ufundi kisicho mbali na Mbale, ambako mtu akivumilia anaweza kupanda taratibu mpaka digrii.

"Hii ya sita ni nini?" baba aliuliza.

"Ni chuo ya ufundi, baba. Kama ya juu ikikataa."

"Nani amesema itakataa?"

"Hakuna mtu amesema."

"Sasa mbona unatengeneza mlango ya kukimbilia?"

Akaanza hotuba. Alisema yeye alipotahiriwa kule milimani alisimama mbele ya kisu na kijiji kizima kikimtazama, hakupepesa jicho, wala hapakuwa na mtu aliyewekwa nyuma yake kama akiba. Alisema mwalimu huyo ni mwoga, na mwoga akifundisha watoto atazaa waoga. Alisema mengine pia, ambayo Gorreti aliyasikia kutoka uani na kuyajibu kwa kugonganisha sufuria.

"Baba, hiyo karatasi—" Norah alianza.

"Nyamaza."

Akatoa kalamu mfukoni, ile anayoandikia majina ya wafungwa wapya. Akakata mistari mitano, mmoja baada ya mwingine, kwa wino na kwa nguvu, na juu ya kila mmoja akaandika kwa herufi kubwa: INJINIA YA UMEME. Sasa ilikuwa mistari sita, neno moja. Aliitazama kazi yake akaridhika, kama mtu aliyemaliza kukagua makufuli.

Norah aliitazama karatasi, akamtazama baba yake, na uso wake ukajifunga. Hakulia. Wanyera alizoea kuhesabu kimya cha watu waliofungiwa kuwa ni utii, na kosa hilo alilifanya hata siku ile, nyumbani kwake, kwa mwanawe wa kumzaa.

"Mimi si mfungwa, baba," alisema binti. Akaikunja karatasi mara nne, akaondoka chakula kikiwa jikoni.

Gorreti aliingia kwa mlango wa mbele, kwa kuwa hakuwa na mwingine, akamuuliza mumewe kama alikuwa amemsaidia mtoto au amemhukumu. Wanyera akasema chakula kiletwe.

Jumatatu alijisifu kazini. Aliyemsikiliza ni Cleophas, karani wa ofisi ya gereza, mtu mwembamba mwenye furaha ndogo ndogo za kikatili, ambaye mwanawe alikuwa amepita njia hiyo mwaka uliotangulia. Cleophas alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umekata kwa wino?"

"Kwa wino. Mimi hapana andika kwa penseli."

Hapo Cleophas akamweleza, polepole ili afaidi, kwamba kila mtoto hupewa fomu moja tu, kwamba yenye kukatwakatwa huko Kampala haisomwi, hutupwa, na kwamba mlango wa maombi unafungwa mwisho wa juma. "Afande," alimalizia, "wewe umefunga mtoto bila kesi."

Wanyera alimwita mjinga, na mzazi wa mjinga. Lakini jioni ile alipohesabu wafungwa alipata idadi mbili tofauti, na ya tatu haikufanana na hizo mbili. Hofu ilikuwa imemshika, hofu ya kweli. Mtoto alikuwa na fomu moja na nafasi moja, na yeye kwa mkono wake alikuwa ameichoma.

Ruhusa aliipata siku ya Ijumaa. Akavaa sare kamili, akapiga mkanda rangi, ili Gidudu amwonapo atetemeke kwanza na maelezo yafuate. Mpango wake ulikuwa mzuri kwa mtu wa aina yake: atadai fomu mpya, atamlaumu mwalimu, na ataweka sahihi hata chini ya huo mstari wa sita, ilimradi pasitokee mtu wa kuita jambo hilo kuomba radhi.

Alipita kwanza Namakwekwe. Dada yake Mariat alikuwa kibarazani akipanga vitunguu vya kuuza, mafungu manne manne. Hakumpa kiti.

"Umekuja kukata nini ingine?"

Alimjibu kwamba mambo ya mtoto wake ni yake, na kwamba yeye alimwomba ampe mtoto kitanda tu, hakumwomba akili. Mariat akaendelea kupanga vitunguu. Akasema alizisikia habari za kisu, na ni kweli kaka yake alisimama vizuri siku ile. Lakini ndugu walikuwa wamemzunguka pande zote, na alisahau kumwambia mtoto sehemu hiyo. Kisha akainua kichwa.

"Jeshi ulienda, wakapima kifua, wakasema haitoshi. Polisi ukaenda, wakakurudisha. Ukalala kwa mama siku tatu bila kula. Nani alipeleka jina yako magereza?"

Wanyera alimjua. Alikuwa ni marehemu baba yao aliyelipeleka, kimyakimya, hata kabla kijana hajatoka kwenda kupimwa kifua.

"Sasa hiyo kaki unavaa," alisema Mariat, "ilikuwa mstari ya ngapi?"

Mtu akishindwa na ukweli hutafuta adabu. Wanyera alisema mwanamke mwenye heshima hafukui mambo ya zamani mbele ya barabara, akageuka, akaenda zake shuleni kwa miguu, akiwapita waendesha boda wa baiskeli waliomwita bwana mkubwa.

Ofisi ya Bwana Gidudu ilikuwa chumba kimoja kidogo, chenye kabati la chuma na meza iliyojaa chaki. Mwalimu mwenyewe alikuwa mfupi, na sare haikumshtua hata kidogo. Aliichomoa nakala iliyokunjwa mara nne kwenye droo, akaitandaza mezani. Herufi kubwa za Wanyera zilikuwa zimetapakaa juu yake.

"Hii ni ya stensili, afande, ya kujaribia tu," alisema. "Fomu yenyewe haitoki kwa hii kabati. Wazazi nawajua. Naona kila mwaka."

Wanyera aliketi bila kukaribishwa. Pumzi ilimtoka ndefu, na akashukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuumba watu wenye kushuku. Kwa hiyo hakuharibu kitu. Fomu ilikuwa salama, na mistari yake sita ilikuwa salama. Akatoa kalamu, akaondoa kifuniko.

"Leta basi nipige sahihi."

"Zimekwenda Kampala jana."

"Bila mzazi?"

"Imeandikwa mzazi ama mlezi," alisema Gidudu. "Mama Mariat alikuja hapa Jumatatu, akapiga sahihi."

Wanyera alinguruma kwamba huo ni wizi, kwamba atafika kwa mkuu wa shule, na kwa wakubwa wa huyo mkuu. Mwalimu hakubishana naye. Alimtuma mwanafunzi aliyekuwa akipita amwite Norah darasani.

Norah alikuja, akasimama mlangoni. Hakupiga hatua nyingine kuingia. Alimwamkia baba yake, kwa sababu alikuwa amelelewa.

"Mbona hukusema ni nakala?"

"Nilianza kusema. Ukaniambia ninyamaze."

"Mimi ndiyo baba yako. Hiyo sahihi ni yangu."

"Mimi najua." Aliitazama ile nakala mezani. "Nilikuandika wa kwanza wa kupiga sahihi, baba. Ndiyo maana nilisafiri mpaka Jinja. Shangazi nilimwandika wa pili."

Gidudu aliinamia chaki zake. Wanyera alibaki na kalamu wazi mkononi.

"Na kama Mariat angekataa?"

"Mama alikuwa wa tatu."

Kumbe hata Gorreti. Siku zote zile alikuwa akizunguka nyumba na beseni lake huku anajua mpango huo, akimpakulia chakula, na hakusema neno.

Wanyera alifunika kalamu, akairudisha mfukoni, akasimama. Moyo ulimuuma, na hakuwa na mtu wa kumfungia kwa ajili ya hilo. Alitaka kutoka. Lakini ofisi ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na Norah alikuwa amesimama katikati yake, mikono nyuma, akimtazama bila kupepesa jicho.

"Naomba njia," alisema koplo.

Norah alingoja kidogo, kisha akampisha.